Kioo Kilichotoa Jasho: Kisa cha Josef Sudek na Dirisha la Uani

Picha yenyewe ni ndogo, waweza kuifunika kwa viganja viwili. Ndani yake hamna mtu. Kuna kioo cha dirisha kilichojaa matone, michirizi mitatu minne imeteremka hadi ukingoni, na nyuma ya maji hayo kipo kivuli cha mti uliopinda. Ukiitazama mara moja hutauona mti. Ukikaa nayo kidogo, matawi yanaanza kujitoa kwenye kiza, moja moja, kama mtu anayezoea giza la chumba. Aliyeipiga ni Josef Sudek, mpiga picha wa Prague, jiji ambalo leo ni mji mkuu wa Jamhuri ya Czech. Alilipiga dirisha hilohilo tangu 1940 hadi 1954: miaka 14, ua mmoja, mti mmoja.

Mimi nilianza kukaa na picha hizi Mei 2020, serikali ilipoufunga Mji wa Kale wa Mombasa kwa sababu ya korona, tukawa hatutoki wala hatuingiliwi. Kamera ilikuwa mezani, na mitaa niliyoizoea kuipiga ilikuwa ng'ambo ya kizuizi cha polisi. Wenzangu waliokuwa nje walinitumia jina la Sudek kama mtu anavyotumiwa dawa: mtazame huyu, vita vilimfungia ndani akapata sanaa dirishani. Nililiamini neno hilo, likanipa moyo. Baadaye nikaanza kukisoma kisa chake kwa makini, na sasa naona kinasimuliwa kinyumenyume. Kufungiwa hakukumpa Sudek kitu, kulimnyang'anya. Kilichozaa zile picha ni mambo mengine, na baadhi yake yalikwishaanza miaka mingi kabla ya vita.

Mkono wa kulia

Sudek alizaliwa tarehe 17 Machi 1896 huko Kolín, mji ulio mashariki ya Prague, enzi ambazo Bohemia, nchi yenye Prague ndani yake, ilikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Baba yake, fundi wa kupaka rangi nyumba, alifariki mtoto akingali mdogo sana. Josef akapelekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Ni kazi inayotaka mikono miwili: kushona kurasa, kukaza uzi, kukunja ngozi juu ya ubao wa jalada. Mwaka 1915 akaingizwa jeshini na kupelekwa mstari wa mbele wa Italia. Huko alijeruhiwa mkono wa kulia, na mwishowe ukakatwa begani.

Alirudi Prague hana kazi. Alipitia hospitali kadhaa kwa muda mrefu, na akiwa kwenye makao ya wanajeshi waliolemaa aliwapiga picha wagonjwa wenzake: wanaume wameketi kwenye mabenchi, moshi wa sigara na mwanga wa jua vimechanganyika hata hujui kipi ni kipi. Ukizitazama picha zile utaona kwamba hamu yake ya kuipiga hewa yenyewe, ile iliyo kati ya jicho na kitu, ilikuwamo tangu mwanzo. Dirisha lilikuwa bado mbali.

Jambo moja husahaulika, nami naona ni kubwa. Sudek alikuwa akipokea malipo ya ulemavu kutoka serikalini. Hayakuwa mali, lakini yalimpa nafasi ya kujifunza bila kukimbizana na mkate wa kila siku. Kati ya 1922 na 1924 alisoma upigaji picha katika shule ya serikali ya sanaa za uchapaji hapo Prague, na tangu 1924 hadi 1928 alipiga picha ndani ya kanisa kuu la Mtakatifu Vitus, ambalo ujenzi wake ulikuwa ukikamilishwa baada ya karne nyingi. Mle alikuta toroli, ngazi, marundo ya mawe, na miale ya jua iliyokatiza vumbi. Picha 15 kati ya hizo zilitolewa 1928, jamhuri ya Czechoslovakia ilipotimiza miaka 10. Kwa hiyo mtu aliyekuja kusimama mbele ya dirisha 1940 alikuwa fundi aliyeiva, aliyekwisha kufanya kazi nyingi za biashara, za matangazo na za wachapishaji. Kijana anayeambiwa "jifungie, sanaa itakuja" haambiwi sehemu hii.

Kuna safari moja. Mwaka 1926 alifuatana na marafiki zake wanamuziki waliokwenda kupiga muziki Italia. Walipofika, akawatoroka usiku. Alitembea mpaka akapatafuta na kupapata mahali alipojeruhiwa. Nyumba ya shamba aliyowekwa siku ile bado ilikuwapo. Mkono, kwa maneno yake mwenyewe alipokisimulia kisa hiki uzeeni, haukuwapo. Wenzake walimkosa kwa muda wa kama miezi miwili. Alipokuja kurudi Prague alikata shauri kutosafiri tena nje, na shauri hilo alilishika. Sitaki kukifanya kisa hiki kuwa ufunguo wa kila kitu. Nakiandika kwa sababu kinaonyesha kwamba kukaa mahali pamoja kulikuwa uamuzi wake miaka 14 kabla ya picha ya kwanza ya dirisha.

Banda la uani

Mwaka 1927 alikodi studio katika mtaa wa Újezd, upande wa Malá Strana, chini ya kilima cha Petřín. Kusema studio ni kulitukuza: lilikuwa banda la mbao lililojengwa uani, nyuma ya nyumba ndefu za kupanga. Linaloonekana hapo leo ni nakala iliyojengwa mwaka 2000, kwa kuwa banda la awali liliungua 1985. Sudek aliishi humo na dada yake Božena, ambaye pia alikuwa msaidizi wake wa kazi. Dirisha lilitazama bustani ndogo, na katika bustani ule mti. Kwa miaka kumi na kitu dirisha likawa dirisha tu. Alikuwa akitoka kwenda kazini.

Tarehe 15 Machi 1939 majeshi ya Ujerumani yaliingia Prague. Upigaji picha wa nje ukabanwa, na kutembea barabarani na kamera kubwa na stendi yake ya miguu mitatu kukawa kujitafutia balaa. Hapo ndipo Sudek alipobaki na vitu vya ndani: glasi ya maji, yai, kipande cha mkate, ukingo wa dirisha.

Lakini 1940 likatokea na jambo la pili, la kiufundi kabisa, nami nalipa uzito kuliko lile la kwanza. Aliiona picha ya zamani ya sanamu ya kanisa la Chartres, Ufaransa, yenye ukubwa wa sentimita 30 kwa 40 hivi, iliyosafishwa kwa kugusanisha. Waliopitia chumba cha giza, kile cha kusafishia picha, watanielewa. Kwa wengine, ni hivi. Kwa kawaida negativu, ile filamu iliyopigwa kamerani, huwa ndogo, nayo huingizwa kwenye mashine inayotupa mwanga na kuikuza juu ya karatasi. Katika kugusanisha hakuna mashine. Unalaza negativu juu ya karatasi, unaibana kwa kipande cha kioo, unaimulika. Picha inatoka na ukubwa uleule wa negativu. Ukitaka picha kubwa, beba kamera kubwa. Hakuna kinachopotea njiani, kila punje ya mwanga iliyoingia kamerani inashuka kwenye karatasi. Sudek alipoiona picha ile akasema moyoni, basi, sikuzi tena, na tangu hapo akawa mtu wa kugusanisha.

Sasa weka mambo haya mawili pamoja. Mtu amezuiwa kwenda mbali, na mwaka huohuo amechagua njia ya kazi inayomlazimisha kutumia kamera nzito, pole pole, kwa picha ndogo inayotaka utazamaji wa karibu. Na picha ndogo humvuta mtazamaji mpaka pua inakaribia karatasi, sawasawa na mtu anavyousogelea kioo cha dirisha ili aone nje. Ndiyo maana huwa nasikitika picha hizi zikichapwa kubwa ukutani. Zinapoteza ule ukaribu.

Kilichokuwa kwenye kioo

Tuje kwenye kioo chenyewe. Ndani ya banda kuna joto, birika, nguo mbichi, karatasi zinazokaushwa, watu wanaopumua. Nje ni Januari ya Prague. Hewa ya ndani imebeba mvuke, na ikigusa kioo kilichopoa, mvuke ule unageuka maji. Kwanza ni ukungu mweupe, kioo kizima sawa. Kisha vitone vinaungana. Tone likishakuwa zito linashindwa kujishikilia, linateremka na kuwazoa wenzake njiani, na pale lilipopita kioo kinabaki wazi. Kwa hiyo dirisha linakuwa na mahali palipozibwa na mahali palipofunguka, na mahali hapo hapatulii: palipokuwa wazi dakika tano zilizopita pameziba tena. Baridi ikizidi usiku, maji yanaganda na kuchora kitu kama majani ya mkangaga. Kila tone lililosimama ni kilenzi kidogo, na mti umo ndani yake kichwa chini.

Ukishayajua haya, miaka 14 haishangazi tena. Dirisha hilo halikuwahi kuwa na asubuhi mbili zinazofanana.

Hapo kamera inadai uamuzi. Kamera ya negativu kubwa, ukiisogeza karibu na kitu, haikupi vyote viwili. Ukilenga matone, mti unayeyuka. Ukilenga mti, matone yanageuka madoa. Unaweza kuliminya tundu la lenzi ili upate kidogo huku na kidogo huku, lakini mwanga wa asubuhi ya baridi ni haba. Kila unavyominya ndivyo unavyongoja zaidi, na ukingoja, tone linateremka. Sudek aliamua mara nyingi kuupa ukali kioo na kuuacha mti uwe kivuli. Kabla yake dirisha katika picha lilikuwa fremu ya kutazamia kitu kingine. Yeye alisimamisha jicho njiani, kwenye ile sentimita nusu ya kioo ambayo sote huipita bila kuiona.

Nilitaka kulijaribu jambo hili nyumbani, nikakutana na tatizo la kijiografia. Mombasa kioo hakitoi jasho, kwa kuwa ndani na nje ni joto lilelile. Chumba chenye eisii, yaani kiyoyozi, kitakupa umande, lakini umande huo unakaa upande wa nje wa kioo, maana ubaridi uko ndani. Na dirisha langu wala si la kioo. Lina nondo na wavu wa mbu. Wiki mbili za kwanza nilipiga uchochoro: paka, ndoo, kanga zilizoanikwa kwa jirani, mlango uliofungwa. Picha zote ni za mtu anayetamani kutoka. Kisha siku moja lenzi ikaukaza wavu kwa bahati mbaya badala ya uchochoro. Vumbi lililokuwa limekamatwa kwenye vijicho vya wavu likawaka kwa jua la saa kumi na moja jioni, na zile kanga nyuma zikawa mabaka mekundu na meusi yasiyo na mwili. Sikuwa nimelitafuta. Nilifuta vumbi lile kila Ijumaa kwa miaka, sikuwahi kuliona. Picha haikuwa nzuri hata hivyo, ilikuwa imetikisika. Ila nilielewa kwa mikono yangu uamuzi wa Sudek ni upi, na kwamba mtu huufanya kwa kusogeza pete ya lenzi robo mzunguko.

Swali gumu

Kuna jambo ambalo wapenzi wa Sudek hulipita upande, nami siwezi. Tarehe 27 Mei 1942 wapiganaji waliotumwa kutoka Uingereza walimshambulia Reinhard Heydrich, mtawala wa Kijerumani jijini Prague, naye akafa tarehe 4 Juni. Siku sita baadaye Wanazi waliingia kijiji cha Lidice, si mbali na Prague, wakawapanga wanaume 173 na kuwaua kwa risasi, wanawake wakapelekwa kambini, na kijiji kikachomwa na kusawazishwa na ardhi. Wayahudi wa Prague walikuwa wakisafirishwa kwa treni tangu mwaka uliotangulia. Na katika miaka hiyohiyo mtu mmoja anapiga matone.

Wapo wanaosema matone yale ni machozi ya taifa. Siwezi kukubali. Ni kuibebesha picha mzigo ambao mwenyewe hakuuweka, na ni kuwakosea adabu waliokufa. Wapo wanaosema basi alikimbia. Hilo nalo silikubali, kwa sababu hakukimbia popote, alikuwa humohumo jijini, na mkono wake ulikwisha kuliwa na vita vya kwanza. Ninachoweza kusema ni kile kilichopo kwenye karatasi. Maji yaliyo juu ya kioo yametoka ndani ya chumba. Sehemu yake ni mvuke wa birika na sehemu ni pumzi. Nilianza kwa kuandika kwamba ndani ya picha ile hamna mtu, na hapo nilikosea. Watu waliokuwa wakipumua mle bandani, katika jiji ambalo kupumua kulikuwa si jambo la uhakika, wamo juu ya kioo, wamesimama mbele ya lenzi kabla ya kitu kingine chochote.

Vita viliisha Mei 1945. Hiki ndicho kipimo changu. Kama kufungiwa ndiko kulikomfungulia chemchemi, siku mlango ulipofunguka angetoka na kuliacha dirisha. Na kweli alitoka: alirudi kwenye bustani, misitu na mitaa, na baadaye akabeba kamera ya zamani ya Kodak iliyotoa negativu ndefu za sentimita 10 kwa 30, akaizunguka Prague yote mpaka kikatoka kitabu cha mandhari za jiji mwaka 1959. Lakini dirisha hakuliacha. Aliendelea kulipiga kwa miaka 9 ya uhuru wa kutoka, zaidi ya miaka aliyolipiga akiwa amezuiwa. Wakomunisti walishika serikali Februari 1948, maisha ya fundi wa kujitegemea yakabadilika tena, naye bado asubuhi za baridi alikuwa mbele ya kioo kilekile.

Ndiyo maana nikisikia kijana anaambiwa upweke utamfundisha, huwa naomba aambiwe na hili: Sudek alikuwa na fundi mwenzake ndani ya nyumba. Božena alikuwa akiiendesha nyumba na kusaidia chumba cha giza, kazi ya miaka na miaka ambayo mtu wa mkono mmoja asingeibeba peke yake. Baada ya vita walikuja pia wasaidizi wengine, na marafiki waliokuja kusikiliza santuri zake, kwa kuwa alipenda muziki kupita kiasi na sahani za santuri zilikuwa zimepangwa hadi juu. Banda lile halikuwa pango la mtawa. Katika simulizi nyingi Božena hupewa nusu sentensi, nami najua hapa sijamzidishia sana, ila ule ukungu wa kwenye kioo tukiugawa kwa haki, nusu ya pumzi ni yake.

Mwaka 1959 Sudek alihamia nyumba ya mtaa wa Úvoz, karibu na kasri la Prague, akaishi huko mpaka alipofariki tarehe 15 Septemba 1976. Banda la Újezd aliendelea kulitumia kusafishia picha. Božena alibaki humo, na kila kipupwe kilipoingia, dirisha lile likawa linatoa jasho kwa pumzi zake.